Degedege bila homa: ni dege, ni malaria, au ni kemia ya ubongo?

#1 Mwanamaweni (Jumapili, saa 3 usiku)

Salaam wanajukwaa. Nina jambo linaninyima usingizi na nataka mnisaidie kwa mnachokijua.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka sita. Ijumaa baada ya Magharibi alikuwa ameketi mkekani anakula mahamri na mbaazi, ananisimulia habari za chuoni. Neno likamkatikia mdomoni. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kikaanza kuchezacheza peke yake, taratibu, kama cha mtu anayehesabu tasbihi. Kisha mkono wote, kisha pembe ya mdomo upande uleule, kisha mwili mzima ukaanguka. Hamri lilikuwa bado amelibana mkono wa kulia. Nikamgusa paji la uso: baridi. Homa hakuna hata chembe.

Hii ni mara ya nne tangu Ramadhani. Mama yangu anasema dege limempitia. Jirani anasema ni jini wa bahari, maana mtoto alioga pwani jua likichwea. Mimi nimekuwa nikisoma habari za Profesa Charles Newton, daktari wa ubongo wa watoto aliyekuja hapo Kilifi mwaka 1989, kituo cha utafiti kilipoanzishwa, mwendo wa saa moja tu kutoka hapa Malindi. Yeye na wenzake walipima hata shinikizo la ndani ya fuvu kwa watoto waliozimia kwa malaria. Wengine wamechunguza kemikali zilizomo katika maji ya uti wa mgongo. Swali langu: je, degedege na kifafa cha watoto wetu ni kemia ya ubongo iliyoharibika? Na kama ni kemia, yarekebishika?

#2 BintiKibokoni

Pole sana kaka, mpe pole dada yako. Maswali matatu kwanza. Alianza lini? Alipozaliwa alilia papo hapo? Amewahi kulazwa kwa malaria kali? Hayo ndiyo niliyoulizwa mimi kwa mwanangu.

#3 NahodhaMtangani

Yakhe, degedege ni malaria. Nimekua hapa, nimeona watoto kadha wa kadha, wote ni malaria. Homa huweza kujificha. Mpeleke akapimwe damu, apewe dawa, basi. Na wakikupa fenobarbitoni, ile dawa ya kifafa, ikatae. Hapo hapo Kilifi unaposifia walithibitisha kwamba dawa ile inaua watoto. Lilitangazwa dunia nzima.

#4 MuuguziMstaafu

Nahodha, nakuheshimu, ila hapo umechukua nusu ya habari, na nusu hiyo yaweza kumdhuru mtoto wa watu. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka 31, acha niieleze yote.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2000, ukiongozwa na Daktari Jane Crawley. Walikuwa watoto 340 waliozimia kwa malaria ya ubongo. Nusu walipigwa sindano moja kubwa ya fenobarbitoni, miligramu 20 kwa kila kilo ya mtoto, nusu wakapigwa sindano isiyo na dawa. Mishtuko ilipungua kweli kwa waliopewa dawa. Lakini waliofariki upande huo walikuwa asilimia 18, na upande wa pili asilimia 8. Sababu iliyoonekana ni pumzi: dawa inatuliza ubongo mpaka mtoto anasahau kupumua, hasa aliyekwisha kupewa diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza mishtuko, mara tatu au zaidi, na mashine ya kumpumulia haipo.

Sasa huyo ni mtoto aliyezimia. Mtoto mwenye kifafa, anayetembea na kula mahamri, akipewa dozi ndogo ya kila siku, ni habari nyingine kabisa. Nimeona wazazi wakitupa dawa chooni kwa uvumi huu, na mtoto akaangukia jiko la makaa. Yule mtoto aliungua mkono mpaka kwenye kiwiko. Tafadhali tusirudie.

#5 MwalimuGede

Ahsante Bi Muuguzi. Mimi nafundisha kemia, nijibu upande wa swali la Mwanamaweni.

Ubongo unaendeshwa kwa ujumbe unaorushwa kutoka seli hadi seli, na ujumbe huo ni kemikali. Mbili ndizo kubwa. Glutamati huamsha, huiambia seli ya jirani "piga". GABA hutuliza, huiambia "nyamaza". Mshtuko hutokea seli nyingi zikipiga pamoja bila wa kuzinyamazisha. Eugene Roberts aliigundua GABA ndani ya ubongo wa panya mwaka 1950, na hata leo dawa nyingi za kifafa, fenobarbitoni na diazepamu zikiwamo, hufanya kazi kwa kuisaidia GABA.

Kinachonishangaza kila mara ni kwamba mtulizaji hutengenezwa kutokana na mwamshaji. Kuna kimeng'enya kinachoichukua glutamati na kuigeuza kuwa GABA, na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila vitamini B6. Mapema miaka ya 1950 Marekani, watoto wachanga waliokuwa wakinywa maziwa fulani ya mkebe walianza kupata degedege bila homa. Ilipochunguzwa, ikaonekana joto la kiwandani lilikuwa limeiharibu B6. Wakapewa B6, mishtuko ikakoma. Mwaka 1954 tena akaelezwa mtoto ambaye mwili wake wenyewe unahitaji B6 nyingi maisha yake yote, bila hiyo hakuna dawa nyingine ya kifafa inayomtuliza.

Kwa hiyo ndiyo, yawezekana ikawa kemia, na yawezekana ikarekebishwa.

#6 KijanaMuyeye

Mwalimu leo Jumapili, wanafunzi tumo mapumzikoni, hahaha. Lakini hiyo ya glutamati kugeuka kuwa GABA sikuijua. Endelea.

#7 MuuguziMstaafu

Niongeze kwa Mwalimu. Mnaowapa watoto dawa za TB mmeona wanaongezewa kidonge kidogo cha piridoksini? Hiyo ndiyo B6. Isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo za TB, huimaliza mwilini, na ikipungua sana huleta mishtuko. Msikiache kile kidonge eti "ni vitamini tu".

#8 Kaskazi76

Mwalimu, umesema GABA hutuliza. Kwa ubongo wa mtu mzima, sawa. Kwa mtoto mchanga si hivyo.

GABA hufungua mlango wa kloridi kwenye ukuta wa seli. Katika seli iliyokomaa kloridi ni chache ndani, basi mlango ukifunguka inaingia, na seli inatulia. Katika seli changa kloridi imejaa ndani, mlango ukifunguka inatoka, na seli inaamka. Mlango ule ule, kemikali ile ile, matokeo kinyume. Yehezkel Ben-Ari na wenzake huko Ufaransa walionyesha hivyo mwaka 1989 kwa watoto wa panya. Ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kwa nini fenobarbitoni hushindwa kutuliza mishtuko ya baadhi ya vichanga. Nilikuwa mwanafunzi wa maabara, jambo hili lilinikaa kichwani: breki ya mkubwa ni mafuta ya mdogo.

#9 MwalimuGede

Kaskazi umenirekebisha na nimekubali. Nilipaswa kutaja umri. Huyu mpwa ana miaka sita, kwake GABA imekwisha kuwa breki.

#10 MamaWawiliMambrui

Salaam. Nasoma tangu jana, leo nimejipa moyo niandike.

Kifunguamimba wangu sasa ana miaka tisa. Alizaliwa mzima, kilo tatu na robo, akalia vizuri. Siku ya tatu macho yakawa ya manjano. Mama mkwe akanambia vichanga wote huwa hivyo, nimtoe jua la asubuhi. Siku ya tano alikuwa hanyonyi, amejipinda mgongo kama upinde, kilio chembamba kama cha paka. Kituo tulichokwenda kwanza walituambia turudi Jumatatu. Tulipofika kwingine walimweka chini ya taa za buluu usiku ule ule, lakini daktari alisema rangi ya manjano imekwisha kuingia ubongoni. Hatembei. Hasikii vizuri. Anacheka sana akimwona mdogo wake.

Baadaye waliniuliza: nguo za mtoto zilitoka wapi? Zilitoka kwenye sanduku la bibi. Zimepangwa vizuri, zimewekewa vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo, vyenye harufu kali. Nilimvalisha bila kuzifua, kwa furaha.

#11 BintiKibokoni

Dada, machozi yamenitoka. Si kosa lako. Ungejuaje?

#12 MuuguziMstaafu

MamaWawili, umefanya jambo kubwa kuandika. Naomba kila mwenye mjamzito nyumbani asome hapo juu.

Vidonge vile ni naftalini. Watoto wengi wa ukanda wetu wana upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Umeenea mahali ambapo malaria imekaa karne nyingi, maana unampa mtu kinga kiasi. Mtu anaishi nao miaka bila kujua. Lakini akivuta mvuke wa naftalini, chembe zake nyekundu za damu hupasuka. Zikipasuka hutoa ile rangi ya manjano, bilirubini, na ini la kichanga halijaweza kuiondoa haraka. Ikizidi hupenya ubongoni na kukaa hasa kwenye sehemu zinazoongoza mwendo na usikivu. Ndiyo maana mtoto hujipinda, na ndiyo maana sikio huharibika.

Manjano ya siku ya kwanza, au yaliyofika nyayoni, au mtoto asiyenyonya: msingoje kuche.

Na taa za buluu zina kisa. Katikati ya miaka ya 1950, hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi mmoja, Jean Ward, alikuwa akiwatoa vichanga nje juani. Akaona sehemu ya ngozi iliyopigwa na jua imepauka, iliyofunikwa na shuka bado ni ya manjano. Akamwonyesha daktari. Hapo ndipo walipoanza kutengeneza taa. Muuguzi, kwa macho yake tu.

#13 KijanaMuyeye

Bibi yangu ana sanduku hilo hilo, la mninga lenye misumari ya shaba. Nimekwenda sasa hivi nikakuta vidonge sita. Nimevitoa. Amenigombeza mpaka nilipomsomea ujumbe wa MamaWawili. Amenyamaza, halafu akasema zamani wao waliweka karafuu na asumini zilizokaushwa.

#14 MkulimaGanda

Niulize jambo la pembeni. Muhogo je? Nimesikia una sumu inayopiga mishipa ya watoto. Sisi watoto wetu asubuhi muhogo, jioni muhogo.

#15 Kaskazi76

Mkulima, ni kweli lakini si kwa muhogo unaouchemsha wewe. Ugonjwa unaitwa konzo. Mwaka 1981 huko Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, wengi watoto na wanawake, walipooza miguu ghafla. Ulikuwa ukame, watu wanakula muhogo mchungu tu, na kwa njaa hawakungoja siku za kuuanika na kuuloweka. Sianidi, ile sumu ya muhogo, ikabaki. Mwili huweza kuiondoa sianidi ukiwa na protini za kutosha, na wao samaki na maharage hawakuwa nayo. Konzo hukakamaza miguu, haileti kifafa. Muhogo mtamu uliochemshwa, na dagaa pembeni, kula na wanao kwa raha.

#16 UstadhBarani

Assalaam alaykum. Nimeona hakuna aliyemjibu mama yake Mwanamaweni kuhusu dege, wala jirani kuhusu jini, kana kwamba ni watu wa kuachwa nje ya mazungumzo.

Mimi husomea watu ruqya na huandika kombe, aya zinazooshwa kwa maji mgonjwa akanywa, kwa zafarani. Siachi. Lakini mtoto akiletwa kwangu anatetemeka, swali langu la kwanza ni hospitali amekwenda. Mtume (s.a.w.) alijiwa na mwanamke mwenye kifafa akalalamika kwamba akianguka hufunuka nguo. Hakumwambia ana aibu, hakumfukuza. Alimpa chaguo la kusubiri kwa malipo ya pepo au kuombewa, naye akachagua kusubiri, akaomba tu asifunuke, akaombewa. Mimi najifunza hapo kwamba mgonjwa huyu anahitaji heshima kwanza. Na tumeamrishwa tujitibu. Kombe na kidonge havigombani tumboni.

Dege, mamangu alilijua kwa macho: mtoto anastuka usiku, mikono inapiga kama mbawa. Jina limetokana na kuona. Wamijikenda nao wanamwita nyuni, ndege huyo huyo.

#17 NahodhaMtangani

Ustadh umesema vizuri. Ila mimi bado nashikilia malaria. Na hao wa Kilifi siwaamini sana, watoto wanatolewa maji mgongoni, wanabaki vilema. Damu nayo inakwenda wapi?

#18 MhudumuWaJamiiShela

Nahodha, hofu hiyo ninaikuta mlangoni kila wiki, na sikulaumu, maana kwa muda mrefu watu walichukuliwa damu bila kuelezwa kwa lugha yao. Kituo chenyewe kililiona, sasa wanakijiji huchagua wawakilishi wao wa kuuliza na kujibiwa.

Kuhusu maji ya mgongo: yanayotolewa ni mililita chache, kama nusu kijiko cha chai au kidogo zaidi, na mwili huyatengeneza mengine ndani ya saa chache. Sindano inaingia chini ya pale uti wenyewe unapokomea. Anayebaki na ulemavu mara nyingi ni kwa homa ya uti wa mgongo yenyewe, iliyochelewa kugunduliwa kwa sababu maji yalikataliwa. Kwa maji hayo wanaona kama kuna vijidudu na kama sukari ya ubongo imeshuka.

Na ndimo ilimopatikana kemia aliyouliza Mwanamaweni. Malaria ikifika ubongoni, mwili unapopigana huzalisha asidi ya kwinoliniki, inayoamsha seli kupitia mlango ule ule wa glutamati. Imeonekana kupanda kwa watoto wenye malaria ya ubongo, hasa wale waliofariki. Kama ndiyo moto au ni moshi tu wa moto, bado wanabishana.

#19 Kaskazi76

Na wapo wanaosema kinachoua hasa ni uvimbe. Huko Malawi, Daktari Terrie Taylor na wenzake waliwapiga watoto picha za ubongo, matokeo yakatoka 2015: wengi wa waliofariki ubongo ulikuwa umevimba mno, na waliopona uvimbe uliteremka. Hilo linaelekea kwenye lile shinikizo la fuvu ambalo Newton na wenzake walilipima Kilifi, wakachapisha 1991. Kemia, uvimbe, chembe zilizoziba mishipa midogo ya damu. Kila mmoja ana ushahidi wake.

#20 BintiKibokoni

Mmesahau kuzaliwa. Utafiti wa kifafa uliofanywa sehemu tano za Afrika, Kilifi ikiwamo pamoja na Ifakara ya Tanzania, ulichapishwa 2013. Kilifi walikuta kama watu 8 kwa kila 1,000 wana kifafa cha mishtuko kinachoendelea. Moja ya mambo yaliyohusishwa sana kwa watoto ni matatizo wakati wa kuzaliwa. Wangu hakulia kwa dakika nyingi. Ndiyo maana niliuliza swali lile, Mwanamaweni hajajibu.

#21 KijanaMuyeye

Na damu ya ukoo je? Kuna nyumba babu alikuwa nacho, shangazi anacho, mjukuu anacho.

#22 MwalimuGede

Ipo, na mfano mzuri ni wa Norway. Mwaka 1934 mama mmoja, Borgny Egeland, alikuwa na watoto wawili, Liv na Dag, wote akili imezorota, na mkojo wao una harufu ya ajabu. Amezunguka kwa madaktari miaka, anaambiwa harufu si kitu. Akamfikia Asbjørn Følling, daktari aliyesomea kemia pia. Akatia kloridi ya chuma kwenye mkojo akitarajia rangi nyekundu ya kahawia. Ukawa kijani kibichi. Watoto walirithi upungufu wa kimeng'enya kimoja cha ini, na kitu cha protini, fenilalanini, kikawa kinajaa na kuudhuru ubongo. Leo katika nchi nyingi kichanga huchomwa kisigino, matone machache ya damu, akikutwa nao hulishwa chakula maalumu na akili yake inakua sawa. Kwa Liv na Dag ilikuwa imechelewa.

Wazazi wote wawili walikuwa wazima kabisa, ukoo haukuonyesha chochote. Kwa hiyo Kijana, urithi upo, lakini haumaanishi lazima babu awe nacho.

#23 MuuguziMstaafu

Wakati mnajadili, mtoto aweza kuanguka leo usiku. Mlazeni ubavu. Ondoeni vitu vigumu na moto karibu. Msitie kijiko wala kidole mdomoni, msimnusishe kiatu wala kitunguu, msimshike kwa nguvu. Tazameni saa. Ikipita dakika tano, ni hospitali mbio. Na mmoja achukue video kwa simu.

#24 Mwanamaweni (Ijumaa, saa 2 usiku)

Shukran nyote, hasa MamaWawili na Bi Muuguzi. Video imesaidia kuliko maneno yangu yote. Jumatano alianguka tena, dada yangu akarekodi huku mkono unamtetemeka. Jana tumekwenda kliniki. Daktari aliitazama mara tatu, mara ya tatu akaisimamisha pale kidole gumba kinapoanza. Akasema ikianza kidole cha kushoto, cheche inatoka upande wa kulia wa ubongo, kwenye sehemu inayoongoza mkono. Si ubongo wote uliowaka mara moja.

Binti, nimemuuliza dada. Uchungu ulikuwa siku mbili, na mtoto alipigwa makofi mgongoni kabla ya kulia. Nahodha, nawe: akiwa na miezi 14 alilazwa kwa malaria, alizimia usiku kucha. Daktari anasema lolote kati ya hayo laweza kuacha kovu, au yote mawili, au hakuna hata moja. Damu yake jana haikuwa na malaria. Nikamuuliza na B6. Akasema aina ile kwa kawaida huanza uchangani, huyu alianza karibu na miaka sita, hivyo haielekei. Amempa kabamazepini, nusu kidonge asubuhi na jioni, na kitabu cha kuandika kila tukio.

Mama amekubali kidonge. Ameomba na Ustadh amsomee. Tumekubali.

#25 MwalimuGede

Mwandikieni pia saa alizolala usiku uliotangulia. Kukosa usingizi huchochea.

#26 NahodhaMtangani

Mwanamaweni, hebu rudia. Kidole gumba ndicho kinachoanza, halafu pembe ya mdomo?

Binti yangu huanza hivyo. Wa kulia. Ana miaka kumi na moja. Tumempa dawa ya malaria sijui mara ngapi. Hiyo kliniki ni siku gani?

#27 Mwanamaweni

Alhamisi, Nahodha. Fika saa moja asubuhi, foleni huwa ndefu. Mrekodi kabla, na wewe ndiye ushike simu, mama yake akae naye chini. Tutakuwa hapo, tukae pamoja.